Ukano Uliochanika na Ishara Zinazoziongoza Seli Shina

Mabibi na mabwana, makocha na wanafunzi wa tiba ya viungo mliofika jioni hii, asubuhi nilipitia soko la Burma nikanunua mguu wa ng'ombe, na ukano wake, yaani kamba inayoufunga msuli kwenye mfupa, ndio huu ulio mezani. Tazameni ulivyo mweupe, unavyong'aa kama hariri iliyolowa; nikiuchana kwa kucha unaachana uzi kwa uzi, na nyuzi zote zimeelekea upande mmoja. Hizo ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, hasa ya aina ya kwanza, na unyoofu wake huo ndio unaouwezesha ukano wa kisigino cha mkimbiaji kubeba, kwa kila hatua, mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa.

Ukano ukichanika, unyoofu huo haurudi kwa urahisi. Siku za kwanza damu huganda na seli za kinga huja kusafisha mabaki. Wiki zinazofuata seli huzaana na kutandaza kolajeni ya aina ya tatu, nyembamba na iliyokwenda ovyo. Kisha huanza kazi ya miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, ya kuibadilisha na kuinyoosha, na kovu linalobaki mara nyingi ni dhaifu kuliko ukano wa awali. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark, wakipima kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, walionyesha kwamba kiini cha ukano wa kisigino hujengwa katika miaka 17 hivi ya mwanzo ya maisha, na baada ya hapo karibu hakifanywi upya. Mtu wa miaka 40 anakimbia kwa nyuzi alizozijenga utotoni.

Je, hakuna mjenzi aliyebaki humo? Yupo. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba ndani ya kano za binadamu na za panya mna seli shina chache, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina mbalimbali, zinazoishi katikati ya nyuzi, zikizungukwa na protini mbili, baiglikani na fibromodulini. Panya waliozaliwa bila protini hizo walimea mfupa ndani ya kano zao. Naomba tulitafakari jambo hili, kwa sababu kwangu ndilo kiini cha mada nzima: seli shina hazikukosekana, ila ulinzi wa ujirani wao ulipoondoka zikawa sikivu kupita kiasi kwa ishara ya kujenga mfupa, nazo zikatii.

Ishara nyingine, protini iitwayo TGF-beta, huhitajika ili ukano uumbike na uzibe jeraha, lakini ikizidi huleta kovu na mgandamano. Fundi wa jua kali aliyekatwa ukano wa kidole na bati anaweza kushonwa vizuri kabisa, kisha kidole kikakataa kukunjika kwa sababu ukano umenata kwenye ala yake.

Mvuto wenyewe pia ni ishara. Katika maabara, seli shina za ukano zikivutwa kwa kiasi huelekea kuwa seli za ukano; zikivutwa kupita kiasi, baadhi huelekea kuwa za mafuta au za mfupa. Ndiyo maana siafiki kumlaza mchezaji miezi mitatu bila mzigo wowote, wala kumrudisha uwanjani kwa pupa.

Na sindano za seli shina? Kwa farasi wa mbio, seli za uboho zimetumiwa kwa miaka mingi, na matokeo yake yanatia moyo. Kwa binadamu ushahidi bado ni mchanga, na seli nyingi zinazodungwa hazidumu mahali pale. Huenda faida yake kubwa ni ishara zinazozitoa kabla ya kutoweka. Inaniuma kuona familia ikiuza shamba kununua ahadi isiyo na ushahidi huo.

Kwa maumivu sugu ya katikati ya ukano wa kisigino, si kwa ukano uliokatika, ipo tiba iliyochapishwa Sweden mwaka 1998 inayohitaji ngazi tu. Simama kwa ncha ya mguu unaouma ukingoni mwa kidato, shusha kisigino polepole, kisha ujiinue kwa mguu mwingine usiouma: mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, na mitatu tena likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ngazi za ukumbi huu zinafaa. Tutazijaribu pamoja tukitoka.