Ella May, mama wa kiwandani wa Gastonia

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Nianze na mpira wa kikapu. Mwaka 1982 fainali ya vyuo vikuu vya Marekani ilichezwa New Orleans, na North Carolina ikaifunga Georgetown pointi 63 kwa 62. Watu humkumbuka kijana Michael Jordan aliyefunga kikapu cha ushindi. Lakini aliyeongoza kwa pointi siku ile, pointi 28, alikuwa James Worthy, na upande wa pili nyota mmojawapo alikuwa Sleepy Floyd. Wote wawili ni wazaliwa wa Gastonia, mji wa viwanda vya pamba katika jimbo la North Carolina. Mwanauchumi Thomas Sowell naye alizaliwa hukohuko, mwaka 1930, kisha akalelewa Harlem, jijini New York.

Watu hao watatu ni weusi. Sowell alipozaliwa, mtu mweusi katika viwanda vile alipewa kazi ya kufagia, kubeba au kufungua marobota. Mashine za kusokota nyuzi zilikuwa za wazungu. Shikeni neno hilo, maana ninayetaka kumzungumzia hasa ni mama mzungu aliyelikataa.

Jina lake Ella May Wiggins. Alizaliwa Tennessee mwaka 1900, akahamia Bessemer City, mji jirani na Gastonia, akasokota nyuzi zamu ya usiku kwa takriban dola 9 kwa wiki. Alizaa watoto tisa. Alisimulia mwenyewe kwamba wanne walipougua kifaduro, alimwomba msimamizi amhamishie zamu ya mchana ili usiku awauguze. Akakataliwa. Akaacha kazi, bila mshahara hakuna dawa, na wote wanne wakafa. Mimi kila nikifika hapo hunibidi nitulie kidogo.

Aprili 1929 wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha Loray, Gastonia, waligoma. Walikuwa wamechoshwa na mtindo wa kumwongezea mtu mmoja mashine huku ujira ukipunguzwa. Walidai dola 20 kwa wiki na saa 40 za kazi. Ella May akajiunga na chama chao cha wafanyakazi, akawatunzia hesabu kule Bessemer City, na kwenye mikutano akawaimbia nyimbo alizotunga mwenyewe kwa mahadhi ya milimani kwao.

Alikuwa akiishi mtaa wa watu weusi. Majirani zake ndio waliomtazamia watoto akiwa kazini. Kwa hiyo suala la kuwaingiza weusi chamani lilipozuka, wazungu wengi wakasita, yeye alisimama upande wa majirani zake. Kusini mwa Marekani, mwaka 1929! Kwangu mimi huo ndio ujasiri wake mkubwa kuliko mgomo wenyewe.

Juni mkuu wa polisi wa Gastonia, Orville Aderholt, aliuawa kwa risasi kambini kwa wagomaji, na chuki ikapamba moto. Tarehe 14 Septemba Ella May alipanda lori pamoja na wenzake, hawana silaha, wakielekea mkutanoni. Kundi la watu wenye bunduki likawarudisha njiani, kisha likawafukuza kwa magari. Risasi ikampata kifuani. Ulikuwa mchana kweupe, na mashahidi walikuwa wengi. Wanaume watano walishtakiwa. Mahakama ikawaachia wote.

Jengo la Loray lingali limesimama, siku hizi ni nyumba za kupangisha. Watoto watano aliowaacha walipelekwa kituo cha mayatima.

Katika nyimbo zake, mmoja unamhusu mama anayeondoka nyumbani kwenda kiwandani huku watoto wakimlilia. Siku ya mazishi, pale kaburini, mwenzake wa chama aliuimba huo, na watoto wake watano wamesimama wanasikiliza.