Vitabu Visivyo na Ukurasa wa Majibu

MASENGO: Karibuni wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi na wa popote mnapotusikia. Mimi ni Masengo, ninayetunza maktaba ndogo ya watoto katika komini ya Katuba, na pamoja nami yuko Papa Ilunga, mwalimu wa shule ya msingi. Leo tunazungumzia vitabu vya watoto, hasa vile vinavyoamsha udadisi na kumwezesha mtoto kujifunza huku akicheza. Papa Ilunga, wazazi wanaokuja maktabani huniuliza mara kwa mara ni kitabu gani kitakachomfanya mtoto wao awe na akili. Wakikuuliza wewe, unawajibu nini?

ILUNGA: Asante, Mama Masengo. Kabla ya kuwajibu, huwa ninataka kujua mtoto huyo mwenyewe huuliza nini anapokuwa nyumbani. Mzazi akinieleza kwamba mwanawe hachoki kuuliza kwa nini mchwa hujenga vichuguu vinavyopita nyumba kwa urefu, kama hivi tunavyoviona tukitoka tu nje ya mji wetu, hapo nina pa kuanzia. Kwangu mimi kitabu kizuri kwa kazi hii ni kile ambacho mtoto akikimaliza anabaki na shughuli ya kufanya: kuhesabu kitu, kupima kitu, kufukua udongo, au kwenda kumsumbua bibi yake kwa maswali. Vitabu vingi tunavyouziwa kwa jina la elimu huweka swali juu ya ukurasa na jibu chini yake, limeandikwa kichwa chini miguu juu, na mtoto mwerevu hugeuza kitabu kabla hajaanza kufikiri.

MASENGO: Hapo umekuwa mkali kidogo, Papa. Wapo watoto wanaoanza kwa kutafuta majibu, na baadaye ndipo wanapoanza kutunga maswali yao wenyewe.

ILUNGA: Ninakubali kwamba wapo. Hata hivyo, mzazi mwenye fedha za kitabu kimoja tu kwa mwaka mzima nisingemshauri azitumie kwa kitabu cha aina hiyo, kwa sababu majibu yakishajulikana, kitabu kimekwisha.

MASENGO: Basi tuanze na kitabu ambacho ukurasa wake wenyewe ni mchezo. Ninacho maktabani kile cha Mmarekani Eric Carle, kilichotoka mwaka 1969, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa *La chenille qui fait des trous*. Kiwavi mdogo anatoka kwenye yai akiwa na njaa, Jumatatu anakula tofaa moja, Jumanne mapeyasi mawili, na kuendelea hivyo hadi machungwa matano siku ya Ijumaa, na kila tunda alilokula lina tundu halisi ambalo kidole cha mtoto hupita. Mtoto wa miaka minne anajifunza kuhesabu na kupanga siku za juma bila ya kuambiwa kwamba yuko darasani. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kile kinachotokea kitabu hiki kinapofika mikononi mwa watoto wa Katanga.

ILUNGA: Wanacheka, bila shaka.

MASENGO: Wanacheka kweli, kisha wanabisha! Hawa ni watoto ambao wanawajua viwavi kwa sura na kwa ladha, kwa kuwa wamewaona sokoni wamejaa kwenye mabeseni, na wamewala nyumbani pamoja na bukari, yaani ugali wetu. Mmoja atasema kwamba kiwavi hali machungwa bali hula majani, mwingine ataongeza kwamba bibi yake hujua ni mti gani wa kuchumia viwavi wa aina fulani, na hapo hapo kitabu kilichoandikwa mbali na hapa kinakuwa mwanzo wa uchunguzi wa msitu wetu wa miombo. Nami huwaacha wabishane, kwa sababu wana haki: aina nyingi za viwavi huchagua miti michache tu, na ndiyo maana wachumaji hujua waende wapi.

ILUNGA: Mimi hupenda kuongeza swali moja juu ya hayo: wale viwavi ambao hawakuchumwa huenda wapi? Katika hadithi ile kiwavi anajifungia ndani ya kifukofuko, kisha anatoka akiwa kipepeo mwenye rangi nyingi. Baadhi ya viwavi tunaowala hufanya jambo tofauti kabisa, kwani hushuka kutoka mtini, hujizika udongoni, hugeuka kuwa kitu kigumu cha rangi ya kahawia kisicho na miguu wala mdomo, na baadaye hutoka wakiwa nondo, wale wadudu wanaozunguka taa usiku. Mtoto aliyesikia habari hiyo huwezi kumzuia asichukue kijiti na kwenda kufukua chini ya mti.

MASENGO: Na mama yake atanilaumu mimi kwa nguo zilizochafuka.

ILUNGA: Atakulaumu siku ya kwanza tu. Na kwa mzazi anayetaka kuwa tayari kwa maswali yatakayofuata, ipo kazi ya François Malaisse, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, iitwayo *Se nourrir en forêt claire africaine*, ya mwaka 1997. Ni kitabu kinene cha watu wazima, kinachoeleza vyakula vinavyotoka kwenye msitu huu wetu, yakiwemo matunda, uyoga na viwavi. Sisemi kwamba mtoto akisome. Ninasema kwamba mzazi, mwalimu au mtunza maktaba akikipata mahali, akae nacho karibu, ili mtoto aone kwamba hata mtu mzima huenda kutafuta.

MASENGO: Hapo sikubaliani nawe, Papa Ilunga. Mimi ningemwekea mtoto kitabu hicho mbele yake. Asiposoma sentensi hata moja, atatazama picha, na udadisi mwingi huanzia kwenye kitabu ambacho hakikukusudiwa kwa ajili yake. Mfano ninaoutegemea ni wa William Kamkwamba wa Malawi. Baada ya njaa iliyoipiga nchi yao mwaka 2001 na 2002, wazazi wake hawakuweza kulipa karo, naye akaacha shule akiwa na miaka 14. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na huko akakuta kitabu cha kiada kilichochapishwa Marekani, kiitwacho *Using Energy*, chenye picha za mashine zinazozungushwa na upepo. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, kwa hiyo alianza kwa michoro, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyoandikwa kando yake. Alikusanya mwili wa baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akajenga mnara, na taa ikawaka nyumbani kwao. Baadaye, mwaka 2009, alisimulia habari hiyo katika kitabu alichokiandika pamoja na Bryan Mealer, na mwaka 2012 kikatoka kingine cha picha kwa ajili ya watoto.

ILUNGA: Mfano huo ninaupokea, na umenishinda kwa upande wa Malaisse. Lakini angalia jambo moja: kijana yule alikuwa na shida iliyomkaba, nayo ndiyo iliyomsukuma ndani ya maktaba. Mtoto wa miaka sita hana shida ya namna hiyo, ana mchezo tu, na kwa hiyo kitabu chake lazima kiingie kupitia mchezo. Kwa watoto wa umri huo, na hadi miaka tisa hivi, ningependekeza kazi za Mkongomani mwenzetu Dominique Mwankumi, ambaye huandika na kuchora mwenyewe. Kitabu chake *Prince de la rue* kinamhusu mvulana wa mitaani wa Kinshasa anayeunda vichezeo kwa vitu vilivyotupwa. Nikikisoma darasani, sihitaji kutoa zoezi lolote, kwa maana kesho yake nusu ya wavulana, na wasichana kadhaa pia, huja na magari yao ya waya.

MASENGO: Yale yenye fimbo ndefu ya usukani.

ILUNGA: Ndiyo hayo. Hapo ndipo hisabati huingia bila ya kubisha hodi. Ninawaomba wapime kwa uzi mzingo wa gurudumu, kisha wakisie gari litazunguka mara ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mwembe, halafu wajaribu. Mwenye magurudumu madogo hushangaa kwamba yake yamezunguka mara nyingi zaidi ingawa mwendo ni uleule, na mabishano yanayozuka hapo yana thamani kuliko ukurasa mzima wa kanuni. Tena ninawauliza kwa nini gari la mmoja hupinda vizuri kuliko la mwingine, swali ambalo mimi mwenyewe hujibiwa na watoto, kwa kuwa wao ndio mafundi.

MASENGO: Tuiguse sasa habari ya lugha, maana wasikilizaji wataniuliza. Vitabu tulivyovitaja karibu vyote ni vya Kifaransa, na hata vile vinavyotandazwa kando ya barabara mjini kati huwa ni vya Kifaransa. Mtoto wa Katuba anacheza kwa Kiswahili, anagombana kwa Kiswahili, na akistaajabu, anastaajabu kwa Kiswahili. Nikimsomea kwa Kifaransa hunyamaza kwa adabu, na adabu hiyo mimi huiogopa.

ILUNGA: Unafanyaje basi?

MASENGO: Ninasoma sentensi kama ilivyoandikwa, kisha mazungumzo yote yanafanyika kwa lugha tunayoongea hapa. Vilevile ninatumia hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao unaweka kwenye intaneti hadithi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, bila malipo. Leseni yake inaruhusu kunakili, kutafsiri na hata kubadilisha maandishi, kwa hiyo mtu hupakua hadithi mara moja kwenye simu pale penye mtandao, huichapisha kwenye duka la fotokopi, na kuikunja kuwa kijitabu. Kiswahili chake ni kile cha Kenya na Tanzania, na watoto wangu hukutana na maneno wasiyoyatumia. Basi tunaandika hadithi upya kwa namna wanavyoisema wenyewe, tunaiacha picha ileile, na mtoto wa miaka minane anakuwa mwandishi.

ILUNGA: Nami niseme ukweli wangu kuhusu hadithi hizo: si zote zenye nguvu. Nyingine zina sentensi sita na funzo la tabia njema mwishoni, na mtoto hana cha kuuliza. Chagua zile ambazo kitu kinapotea, kitu kinahesabiwa, au mnyama anafanya jambo lisiloelezwa.

MASENGO: Nimekubali. Nyingine huzichapisha kwa ajili ya picha peke yake.

ILUNGA: Kabla muda haujatuishia, ninataka kupendekeza kitabu ambacho hakina karatasi. Wachokwe, ambao wako Angola, Zambia na pia huku kwetu upande wa Dilolo na Kolwezi, wana michoro ya mchangani iitwayo sona. Mzee husawazisha mchanga, huweka nukta kwa ncha za vidole katika safu zilizo sawa, kisha huchora mstari unaozizunguka nukta hizo bila ya kuinua kidole, huku akisimulia hadithi. Mwanahisabati wa Msumbiji Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, aliichunguza michoro hii kwa muda mrefu na kuonyesha hisabati iliyomo ndani yake.

MASENGO: Watoto wanaiweza?

ILUNGA: Wanaiweza kuliko mimi. Anza na safu 2 zenye nukta 3 kila moja. Mstari unakwenda kwa mshazari katikati ya nukta, ukifika ukingoni unapinda na kurudi, hadi unaporejea pale ulipoanzia, na utaona kwamba mstari mmoja umezizunguka nukta zote. Sasa weka safu 2 zenye nukta 4. Mstari unafunga mapema, nukta nyingine zimezungukwa upande mmoja tu, na unalazimika kuanza mstari wa pili. Safu 3 za nukta 4 hurudi kwenye mstari mmoja, lakini safu 3 za nukta 3 zinadai mistari 3. Mtoto akishayajaribu hayo anaanza kutafuta sababu, na mwenye miaka kumi au kumi na moja, ambaye darasani anachoshwa na kigawo kikubwa cha shirika, huigundua kanuni hiyo akiwa amepiga magoti mchangani.

MASENGO: Umekwisha kulitoa jibu, Papa Ilunga, nawe ndiwe uliyesema mwanzoni kwamba hutaki majibu kwenye ukurasa uleule!

ILUNGA: Nimetaja jina la somo tu, jibu lenyewe sijalitoa. Basi wasikilizaji waweke safu 4 zenye nukta 6 kila moja, na kabla ya kugusa mchanga, kila mtoto aseme ni mistari mingapi itakayohitajika. Halafu mtutumie picha ya mchoro, na mtuambie ni nani nyumbani aliyekisia vibaya zaidi.

MASENGO: Picha hizo tutazitazama pamoja kipindi kijacho. Mkichora kwa chaki sakafuni kwa sababu ya mvua, tutazipokea pia.