Mteja Akisema Ghali, Hajakuhukumu

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kuacha meza, vyerehani na majiko. Kwa mfanyabiashara mdogo asubuhi iliyofungwa ni hela iliyopotea, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo.

Nilipokuwa nawasalimia pale mlangoni niliuliza kila mmoja anafanya biashara gani. Nikajibiwa: "Nahangaika na dagaa kidogo tu." "Nina kibanda tu pale stendi." "Nashonashona." Jamani, mwenye kibanda hicho analisha watu kila mchana, analipa pango, anasomesha watoto. Sitaki mtu atoke hapa akijigamba, maana unyenyekevu ni adabu yetu. Lakini kuna unyenyekevu wa salamu, na kuna kujidharau kunakoingia hadi kwenye bei. Hilo la pili ndilo linalokula mtaji wenu, na ndilo lililonileta.

Tumchukue fundi wa magauni. Mteja kaleta kitambaa chake. Fundi anaweka uzi wa 500, zipu ya 1,000, bitana ya 4,000, na tuseme pango na umeme kwa gauni hilo ni 2,500. Jumla 8,000. Atalishona kwa saa sita. Bei yake ni 25,000. Mteja anakunja uso: "Mbona ghali hivyo?" Kabla hajamaliza sentensi, fundi keshasema, "Basi lete 15,000." Hakuna aliyemlazimisha. Faida ya 17,000 imekuwa 7,000; kila saa aliyoinamia cherehani imemlipa chini ya 1,200.

Nini kilitokea pale? Mteja aliuliza bei, kama sisi sote tunavyouliza sokoni. Kupatana ni desturi yetu. Hata anayenunua nyanya za mia tano huomba nyongeza. Ila fundi, moyoni, alisikia neno lingine kabisa: "Wewe si fundi wa kiwango hicho." Mteja hakulisema. Fundi kajisemea mwenyewe, kisha akajilipiza kwa kukata 10,000.

Msidhani jambo hili ni la wasiosoma. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana, wengi wao wasomi na wataalamu wenye shahada na sifa. Wengi waliamini kwamba mafanikio yao ni bahati, na kwamba siku moja watu watagundua hawajui kitu. Kumbe shahada haiizimi sauti hiyo ya kujidharau. Kwa hiyo ukiisikia, usiichukue kuwa ushahidi kwamba huna uwezo.

Sasa niseme wazi, kwa sababu wahamasishaji wengi hulipita hili: si kila shaka ni adui. Shaka nyingine inafanya kazi yako. "Mafuta ya kula yamepanda, je, bei ya sahani bado inanilipa?" Hilo ni swali, na lina jibu kwenye daftari, likae ulisikilize. Sauti ninayoipiga vita haiulizi kitu. Inatoa hukumu tu: "Wewe biashara huiwezi." Ukiiuliza, "Kwa hesabu ipi?" haina la kujibu. Na tusidanganyane, matatizo yenu mengi hayako kichwani. Mtaji ni mdogo, mvua inafunga soko, mwenye nyumba anapandisha kodi. Kujisemea vizuri hakuzuii mvua. Lakini sauti hii inayaongezea matatizo halisi gharama ambayo haikuwa ya lazima.

Angalieni suala la mikopo. Sheria hapa Tanzania inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama anasikia tangazo, anajiambia, "Zile ni za wenye kujuana, mimi nani?" Hafiki hata kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwezi huohuo anakwama, anakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, anasaini mkopo ambao marejesho yake yatamhamisha na sufuria zake. Inawezekana kweli angenyimwa ule wa halmashauri. Lakini alijinyima yeye kwanza, na hili linaniuma kila ninapoliona.

Tiba ni nini? Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza imani ya mtu katika uwezo wake inatoka wapi. Kutiwa moyo kwa maneno kunasaidia, lakini chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kazi uliyokwisha kuifanya kwa mikono yako. Ndiyo maana nasema daftari lako lina upungufu. Mnaandika mauzo na madeni. Andikeni pia kazi mliyoikamilisha: oda ya sare iliyofika kwa wakati, mteja aliyerudi, aliyeletwa na mwenzake. Sauti ile inakumbuka gauni moja lililorudishwa, inasahau yote yaliyovaliwa harusini. Daftari halisahau.

Jambo lingine dogo, na limepimwa. Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha kwamba watu waliojiandaa kuhutubia huku wakijisemesha kwa majina yao, badala ya "mimi", walipungukiwa na wasiwasi na wakafanya vizuri zaidi. Basi kabla ya kumpigia mwenye hoteli anayedaiwa, jisemeshe kama unavyomsemesha shoga yako: "Mama Neema, unaogopa nini? Samaki alipokea, kiasi alikikubali, siku ya kulipa imepita." Utashangaa ushauri unavyonyooka ukiwa wa mwenzako. Kisha piga simu, taja kiasi, nyamaza. Msianze na "samahani kwa usumbufu". Anayedai haki yake hasumbui mtu.

Hata kwa bei ni hivyohivyo. Taja 25,000, kisha nyamaza. Akiomba punguzo, mwonyeshe bitana na zipu. Ukitaka kupunguza, punguza kwa sababu uliyoiamua asubuhi, na ujue mpaka wako.

Bandura alitaja pia kumwona mtu wa hali yako akiweza, na hapo vikundi vyenu vya VICOBA, hivi vya kuweka akiba na kukopeshana, vina utajiri usiotumika. Mnakutana kila wiki kuhesabu hisa na marejesho, basi. Nimemwomba mwenyekiti, naye amekubali, leo kabla hisa hazijanunuliwa kila mwanachama asimame aseme: wiki hii nimeuza nini, kwa bei gani, na mteja alipolalamika nilimjibu nini. Tunaanza na safu hii ya dirishani.