Kaptula Lisilomkaa Aliyelivaa: Kuisoma Fasihi ya Ujamaa kwa Jicho la Kijamaa

Ndugu zangu,

Nianze na neno moja. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu wafanyabiashara wa Venice, akaiita Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilitujia kutoka Bara Hindi, na asili yake lilimaanisha mfanyabiashara tu. Lakini msomaji aliyekishika kitabu kile miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, masikio yake yakiwa yamejaa habari za unyonyaji, kupe na mirija, hakuweza kulisikia neno hilo kama babu yake alivyolisikia. Jalada lenyewe lilikuwa limekwisha kumpa hukumu kabla hajasoma mstari mmoja. Ngonjera nyingi za miaka ile zilishika njia hiyohiyo: asiyejua anauliza, ajuaye anamjibu kwa maneno ya chama, na mwisho wote wanakubaliana. Sizibezi, kwa kuwa nami nilizighani nikiwa shuleni, ila nadhani mjamaa anayetafuta fasihi yake humo anatafuta mahali pasipofaa.

Ninakotaka tutazame ni kwa mwandishi ambaye wajamaa wengi hawakumhesabu kuwa wao, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Tamthilia yake Kaptula la Marx aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1970. Hebu lisikilizeni jina hilo kwa sikio la Kiswahili. Kwa kawaida tunasema kaptula ya mtoto, kaptula ya askari. Yeye amesema kaptula la Marx, yule mwanafalsafa wa ujamaa, na kwa herufi hiyo moja vazi limekuwa kubwa kupita kiasi hata kabla pazia halijafunguliwa. Humo Rais Kapera anafunga safari na mawaziri wake kuitafuta Nchi ya Usawa, naye amevaa kaptula lisilomkaa. Wapo waliosema kwamba hiyo ni dhihaka kwa ujamaa wenyewe. Mimi naisoma kinyume: kinachochekwa ni safari ya usawa inayofanywa na rais na baraza lake la mawaziri, kana kwamba usawa ni nchi ambayo viongozi hutangulia kufika, kisha wananchi wakaitwa baadaye.

Swali la kijamaa kwa kazi yoyote ya sanaa ni lilelile tunaloliuliza shambani: nani anashika jembe, na nani anaamua kitakachopandwa? Katika riwaya ya Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, Kezilahabi aliliuliza bila kigugumizi. Wanakijiji wanatakiwa kuhama, baadhi yao wanakataa, nguvu inatumika, na vijana wasomi wawili, Mambosasa na Mamboleo, wanajikuta katikati ya mageuzi yanayotangazwa kwa jina la watu ambao hawakuulizwa. Haya hayakuwa ya kubuniwa tu. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga tangu zama za Mwingereza, ilhali Azimio lilikuwa limetamka kwamba njia kuu za uchumi zimilikiwe na wakulima na wafanyakazi wenyewe kwa kutumia serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Riwaya hii, basi, inamshitaki mtawala kwa sheria aliyoiandika mwenyewe, na ukosoaji wa namna hiyo unamfaa mjamaa kuliko sifa zote za ngonjera. (Chama tawala nacho kililirudia gamba hilo mwaka 2011 kilipotangaza kujivua gamba, sijui kama waliochagua msemo huo waliikumbuka riwaya, maana nyoka akijivua gamba hubaki nyoka.)

Hata hivyo, Kezilahabi aliandika peke yake mezani, na hapo ndipo Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru nchini Kenya, inapomzidi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi, wakaigiza kwa Kigĩkũyũ tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ambayo Waswahili wanaijua kama Nitaolewa Nikipenda. Wakati wa mazoezi waliwasahihisha waandishi lugha na nyimbo, kwa sababu maisha yanayoigizwa yalikuwa yao. Leseni ya maonyesho ilifutwa baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Dola haikuwa na haja ya kubomoa jukwaa la ngonjera.

Kaptula la Marx lenyewe halikuchapishwa hadi mwaka 1999, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na kumcheka Kapera hakukuwa na gharama yoyote. Ndiyo maana naomba tulisome leo tukijitahidi kukaa katika kiti cha mtazamaji wa miaka ile, ambaye kaptula lile bado lilikuwa mwilini mwa mkuu wake wa wilaya. Ninayo nakala hapa. Tuanze na onyesho la kwanza, kisha mjadala uwe wenu.