Mikono Inayomwosha Maiti: Ebola, Heshima na Mazishi

Waheshimiwa wasikilizaji, naanza na mikono inayomwosha maiti, kwa sababu hiyo ndiyo inayonieleza kwa nini ugonjwa mmoja wa Ebola ulikwenda kwa namna tofauti katika nchi tofauti. Virusi vyake huwa vingi mno mwilini mgonjwa anapokata roho, na humwambukiza anayegusa majimaji ya mwili huo. Kwa hiyo watu wanaomuaga marehemu kwa kumwosha na kumshika huwa hatarini kwa sababu ya upendo wao, wala si kwa sababu ya ujinga, neno ambalo limetumiwa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, ikaambukiza watu 425 na kuua 224. Kwa desturi ya Waacholi, shangazi wa marehemu ndiye aliyeitwa kuuosha mwili, na waombolezaji walinawa mikono katika chombo kimoja, kisha wakamgusa marehemu usoni. Lakini Waacholi haohao walikuwa na utaratibu mwingine wa kale kwa balaa linalokuja ghafla kama upepo, ambalo huliita gemo. Gemo ikishatambuliwa, mgonjwa hutengwa katika nyumba ya peke yake, fito mbili ndefu za mabingobingo husimikwa ili kuwaonya wapitao, aliyeugua akapona ndiye anayempelekea chakula, ngoma husitishwa, na anayepona hungoja mwezi mwandamo mzima kabla ya kutembea huru. Akifariki, huzikwa pembezoni mwa kijiji, na shangazi haitwi. Kwangu mimi, hiyo ni karantini kamili, nayo ilitungwa na wazee wasiokuwa na hadubini.

Liberia mambo yalikwenda vingine. Agosti 2014 serikali iliamuru maiti wa Ebola katika jiji la Monrovia wachomwe moto, katika nchi ambayo kila Jumatano ya pili ya Machi ni sikukuu ya kusafisha makaburi ya jamaa. Familia isiyokuwa na kaburi ingesafisha nini siku hiyo? Wako waliowaficha wagonjwa wao nyumbani na kuwazika wafu wao usiku, na kwa njia hiyo amri iliyokusudiwa kuuzuia ugonjwa iliusukuma ndani ya nyumba.

Mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na viongozi wa dini: jamaa washauriwe kwanza, kasisi au imamu aombe dua, na maiti wa Kiislamu afanyiwe tayamamu, yaani kutoharishwa kwa udongo safi, badala ya kuoshwa kwa maji. Fikra hiyo ilifika hadi Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mlipuko ulioanza 2018, ambako uvumi ulivuma kwamba maiti huibwa viungo. Huko ilitumika mifuko ya kuzikia yenye sehemu angavu, ili ndugu, wakiwa wamesimama kando bila kugusa, wauone uso wa mtu wao kabla hajateremshwa kaburini.