Unga wa Paketi na Unga wa Mashineni

(Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya akina mama na wenye maduka)

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Naanza na pumba. Mahindi yakikobolewa, haliondoki ganda peke yake. Kiini nacho huenda, na humo ndimo mlimojaa vitamini za B, chuma na zinki. Sisi tunabaki na unga mweupe wa sima laini, pumba tunawamwagia kuku. Kwa hesabu hiyo kuku wa Malindi wanakula vizuri kutushinda. (Kicheko.)

Kuongeza virutubishi ni kukirudisha kilichotoka, na kingine juu yake. Unga ukipita kiwandani, kifaa hudondosha poda ya vitamini na madini, gramu mia chache kwa tani nzima. Mlaji hahisi chochote. Kenya imelazimisha jambo hili tangu 2012 kwa unga wa mahindi wa paketi, unga wa ngano na mafuta ya kupikia. Wala si jambo geni: chumvi yetu ilitiwa iodini kwa sheria tangu 1978 ili kuzuia rovu, na Waswisi walitangulia kutia yao mwaka 1922.

Lakini leo nataka tukae kwenye foliki, mojawapo ya hizo vitamini za B. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itunge. Siku ya 28, mama zangu! Wakati huo wengi hata hawajajua wamebeba. Kliniki mtu anakwenda mwezi wa tatu, wa nne, anapewa tembe, na mgongo ulishafunga zamani, au ulishashindwa kufunga. Akizaliwa mtoto mwenye mgongo wazi, mara nyingi na kichwa maji juu yake, majirani wanaanza kutafuta aliyeroga. Waacheni. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wanawake waliokuwa wameshapata mtoto wa namna hiyo: waliotumia foliki kabla ya mimba na mwanzo wake walipunguziwa hatari ya kurudia kwa asilimia 72. Ndiyo maana Marekani, ilipofika 1998, ikalazimisha foliki itiwe kwenye unga. Unga hauhitaji mtu ajue kwanza kama ana mimba.

Sasa kinachonikera. Sheria yetu inaishia kwenye paketi. Mama wa Kakuyuni au Langobaya anabeba debe lake la mahindi hadi mashineni, yanasagwa, anarudi nalo nyumbani, hapana aliyemtilia kitu. Yaani anayenunua dukani anapata, mwenye kula alicholima hapati. Vifaa vidogo vya kupimia poda kwenye mashine za vijijini vipo, na jirani zetu Tanzania wanavitumia. Mimi ningependa pesa za kaunti ziwafikie wenye mashine hizo kabla ya kuchapisha bango jingine la kutuambia tule vizuri.

Ninyi wenye maduka, msianike unga juani pale nje. Mwanga na joto huiua vitamini A.

Na chai. Najua nitachukiwa. Mahamri ya unga wa ngano yana chuma ndani yake, lakini chai ya kuyateremshia huzuia sehemu ya chuma hicho kuingia mwilini. Sisemi muache chai, nani angenisikiliza? Isogezeni mbele saa moja hivi baada ya kula, na kwenye mboga kamulieni ndimu, maana ndimu huisaidia chuma kuingia.

Mwisho, mjamzito asije akasema unga umemtosha. Kiasi kilichomo kimepimwa kwa watu wote wanaokula sinia moja, mzee na mtoto. Mahitaji yake yeye ni makubwa zaidi, kwa hiyo tembe za kliniki azimeze vilevile.