Chupa Mbili, Dawa Ile Ile

REHEMA: Shikamoo, mzee Kaaya.

KAAYA: Marahaba, mwanangu. Nimekuja na kiroba, ila usiniulize kwanza.

REHEMA: Siulizi, harufu imeshajibu. Wasikilizaji, tupo Tengeru, na leo tunamsema kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake wanamaliza nyanya.

KAAYA: Jina lenyewe ni kejeli. Ni kama anakwambia "nenda kanitangaze"! Mwaka 2014 ndipo alipoonekana Ngarenanyuki, na mimi nilikuwa na nusu heka ya nyanya kulekule. Unachuma jani, unalielekeza juani, unakuta limekuwa kama nailoni. Nyama ya ndani imeliwa, zimebaki ngozi mbili na vinyesi vyeusi katikati, kama vumbi la majani ya chai. Tunda limetobolewa karibu na kikonyo. Ukilificha chini ya tenga, dalali analifukua.

REHEMA: Kwao ni Amerika Kusini. Hispania aliingia 2006, akasambaa hadi kwetu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 260, na penye joto vizazi vinafika 10 au zaidi kwa mwaka. Ulifanyaje?

KAAYA: Nilipulizia chupa ya bluu, haikushika. Nikarudi duka la pembejeo, silitaji, kijana akanipa nyekundu: "Mzee, hii ndiyo kiboko." Nikabeba bomba la lita 16 siku mbili nzima. Viwavi wakaendelea kula. Nikasema wamezoea dawa.

REHEMA: Hapo nikusahihishe kidogo, mzee wangu. Kiwavi mmoja mmoja hazoei. Dawa ikimpata anakufa, isipompata anapona. Ila kati ya maelfu wapo wachache waliozaliwa na kasoro ndogo kwenye jeni, na kasoro hiyo ndiyo inayowaokoa. Wewe unaua wenzao wote, unawaachia shamba wao peke yao. Wanaoana, na watoto wanarithi.

KAAYA: Kumbe nilikuwa nawachagulia wachumba!

REHEMA: Na mahari umelipa wewe. Hebu toa hizo chupa. Ya bluu inasema saipamethrini. Nyekundu... lamda-saihalothrini. Mzee, hizi ni ndugu, zote zimeigwa kutoka kwenye pareto. Zinafanya kazi kwenye mlango wa sodiamu, kijitundu cha protini kinachopitisha sodiamu kwenye neva ya mdudu: zinaushikilia wazi, neva inapiga bila kukoma, mdudu anapooza na kufa. Watafiti waliosoma jeni za kantangaze wa Ulaya na Amerika Kusini walikuta mlango umebadilika. Protini ni kama mnyororo wa shanga, na kwenye shanga ya 1014, panapokaa ile iitwayo lusini, imekaa nyingine, fenilalanini. Kitu kimoja tu, na dawa inashika kwa shida.

KAAYA: Yaani kitasa kimebadilishwa, mimi nanunua funguo za rangi tofauti.

REHEMA: Na hata kundi jingine kabisa la dawa, la diamaidi, Italia wameshaona usugu wake, na huko nako ni mabadiliko ya jeni.

KAAYA: Sasa mmea wenyewe hauwezi kujitetea? Kahawa si imeweza? Watafiti wa kahawa wa Lyamungo wametoa miche isiyougua chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni.

REHEMA: Imeweza, kwa damu ya kahawa za Timor na Rume Sudan, na imechukua miaka mingi. Kwa nyanya, nikuulize: ukipogolea, mikono inakuwaje?

KAAYA: Inakuwa kijani, kisha nyeusi. Sabuni ya kipande haitoi.

REHEMA: Hiyo inatoka kwenye vinyweleo vya jani, vina tezi nchani. Kwenye nyanya zetu za kulima ulinzi huo ni dhaifu. Kuna nyanya pori za Amerika Kusini ambazo vinyweleo vyake vinatoa sukari zenye kunata, na nyingine zinatengeneza zinjibereni, ndugu wa kile kinachoipa tangawizi harufu yake. Mdudu anakwama, au anakataa kutaga.

KAAYA: Nipe mbegu leo!

REHEMA: Tunda lake ni dogo, linabaki kijani hata likiiva, na lina manyoya.

KAAYA: Mama ntilie wa soko la Kilombero atanifukuza na mwiko.

REHEMA: Ndiyo kazi ya maabara. Unazalisha pori na ya kulima, mtoto unamrudisha tena na tena kwa nyanya ya kulima, na kila kizazi unapima vinasaba vya miche ikiwa midogo, ubaki na yenye jeni za vinyweleo bila ladha ya porini. Tatizo jeni hizo haziko sehemu moja. Na gundi ikizidi inanasa hata wadudu rafiki wanaokula mayai ya kantangaze. Mimi binafsi ningetaka jani linalomkera mdudu kuliko linalomnasa kila apitaye.

KAAYA: Wakati tunasubiri?

REHEMA: Badilisha kundi la dawa, siyo rangi ya chupa. Soma kiambato, yale maandishi madogo. Hiyo ya tatu inasemaje?

KAAYA: Ngoja nivae miwani... Lebo imechanika. Kijana alinipimia kwenye chupa ya maji.

REHEMA: Iweke chini, mzee. Na unawe mikono kabla hatujanywa chai.